Shajara ya mradi: kikokotoo cha grafu na sauti ya saba ya ilimba

Jumamosi, 11 Januari

Leo nimeanza rasmi. Kikokotoo ni TI-84 Plus, alichoniachia shangazi aliporudi kutoka masomoni Marekani. Kina kioo cha nukta 96 kwa 64, betri nne za AAA, na prosesa ya Z80 inayokwenda megahezi 15, yaani mapigo milioni 15 kwa sekunde. Z80 ilitoka mwaka 1976 na bado naipenda, kwa sababu kila amri yake ina idadi ya mapigo ya saa inayojulikana. Ukiiambia itoe namba kwenye mlango wake, ni mapigo 11, leo na kesho. Kwa mtu anayetaka kutengeneza sauti, kuwa na hakika na wakati ni nusu ya kazi.

Kikokotoo chenyewe hakina spika. Kina tundu la milimita 2.5 ukingoni, la kuunganishia vikokotoo viwili ili watu wapeane programu. Ndani yake mna nyaya mbili za data na mmoja wa ardhi. Kila waya wa data una hali mbili tu: umevutwa chini, au umeachiwa ukapanda wenyewe. Hakuna hali ya katikati. Malighafi yangu ni hiyo.

Nafundisha hisabati na fizikia hapa Dodoma. Kila mwaka nachora mawimbi ubaoni, wanafunzi wanayanakili, na hakuna anayeyasikia. Halafu kuna jambo la nyumbani. Babu yangu, aliyeko Chamwino, anapiga ilimba (ala ya fito zinazopigwa kwa vidole gumba), na sauti za ilimba ya Kigogo hazifuati kinanda. Zinafuata uwiano wa namba nzima: 4, 5, 6, 7, 8, 9. Ukiifanya 4 iwe hezi 200 (mitetemo 200 kwa sekunde), basi 5 ni 250, 6 ni 300, 7 ni 350, 8 ni 400 na 9 ni 450. Sauti ya namba 6 ya ilimba na ya kinanda zinakaribia kulingana, 300 kwa 299.7. Ile ya namba 7 ndiyo inayoachana: kinanda kina 356.4. Hizo hezi sita na kitu ndizo zinazofanya wimbo wa Kigogo ukipigwa kwenye kinanda usikike kama mtu wa kwenu anayesema kwa lafudhi ya mbali.

Nataka mwanafunzi aandike grafu yake, abonyeze kitufe, asikie 7 ileile ya babu. Sauti ya ovyo haitatosha, maana hezi sita zinamezwa na mkwaruzo.

Jumapili, 12 Januari

Nimezunguka soko la Majengo kutafuta jeki ya milimita 2.5. Zilizojaa ni za 3.5. Fundi simu wa nne akaniambia, "Hizo zilikwenda na simu zake, mwalimu," kisha akavuta boksi chini ya meza na kunimwagia nyaya za spika za masikioni za simu za zamani. Nilizikagua moja moja kwa kuhesabu mistari myeusi kwenye ncha ya jeki. Mistari mitatu ina maana sehemu nne, haifai. Ninayoitaka ni ya mistari miwili, sehemu tatu. Zilikuwemo mbili. Akanipa zote bure kwa sharti nirudi kumwonyesha.

Jumamosi, 18 Januari

Sauti ya kwanza. Programu fupi ya asembla, lugha ya amri za prosesa yenyewe: vuta waya, subiri, achia, subiri, rudia. Nimeizima kwanza mifumo inayomkatiza prosesa katikati ya kazi, maana bila hivyo kuna mtetemo mchafu unaoingia kila mara kikokotoo kinapokwenda kuangalia kama kuna kitufe kimebonyezwa.

Nimeunganisha na spika ndogo ya kuchaji yenye tundu la waya. Ikalia. Mke wangu akatoka jikoni akauliza ni nzi gani huyo. Kweli kabisa, ilikuwa kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Wimbi la mraba limebeba ndani yake mara 3, mara 5, mara 7 na kuendelea, yote kwa pamoja, na zile za juu ni kali. Kwa kazi yangu ni balaa zaidi, kwa sababu siwezi kumwambia mwanafunzi "sikiliza 7" wakati kila sauti ninayotoa tayari ina 7 yake tumboni.

Jumamosi, 1 Februari

Wiki mbili za njia ya pili. Waya una hali mbili tu, lakini ukiuvuta na kuuachia upesi mno, wastani wake unakuwa kiwango chochote unachotaka. Ukivutwa nusu ya muda unapata nusu, ukivutwa robo ya muda unapata robo tatu. Mbele yake naweka transista moja ya kuongeza nguvu, rezista ya kilo-omu 1 na kapasita ya nanofaradi 10, zinazopunguza kila kitu kilicho juu ya kilohezi 16 hivi, na sikio linabaki na wimbi laini.

Hesabu ndiyo inayoumiza. Nikitaka sampuli (namba za kimo cha wimbi) 44,100 kwa sekunde, kama diski ya muziki, megahezi 15 zinanipa mapigo 340 kwa kila sampuli. Amri fupi kabisa ya Z80 ni mapigo 4. Kwa hiyo ngazi zangu ni 85 tu. Hizo ni biti 6 na kidogo, wakati diski ya muziki ina biti 16.

Kwa sauti ya kudumu, 85 zinasikika vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilicheza 200 na 300 nikafurahi. Tatizo likajitokeza nilipoiga ufito wa ilimba. Ufito ukipigwa, sauti inaanza kwa nguvu kisha inafifia polepole, na uzuri wote uko kwenye kule kufifia. Sauti inapofika sehemu moja ya ishirini ya nguvu yake, mimi nimebakiwa na ngazi nne. Wimbi lililokuwa duara linakuwa ngazi za mawe. Badala ya kufifia, sauti inaanza kukwaruza, halafu inakatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo.

Usiku nilikaa nikisikiliza mkia ule mara nyingi. Naweza kuhangaika na amri za mapigo 5, 6, 7 na 9 kupata ngazi nyembamba zaidi, watu wanafanya hivyo na wanapata. Lakini kwangu mkia wa sauti ndio ilimba yenyewe. Naacha njia hii.

Jumapili, 9 Februari

Kaka amekuja na treni ya SGR kutoka Dar na mfuko mdogo. Ndani mna Raspberry Pi Pico (kompyuta ndogo ya bodi moja), bodi ndogo ya chipu PCM5102A inayogeuza namba kuwa sauti, na kibadili volti. Chipu hiyo ya sauti imetengenezwa na Texas Instruments, kampuni ileile ya kikokotoo. Imenipendeza kuzikutanisha ndugu hizi mbili kwenye meza moja hapa Nkuhungu.

Mpango mpya ni huu. Kikokotoo kisitengeneze volti, kitengeneze namba tu. Kitahesabu kila sampuli kwa biti 16, kiitume kwa nyaya zake mbili. Pico itapokea na kuipa chipu. Akili ya wimbi inabaki kwenye kikokotoo. Hilo sitaki kulibadilisha, kwa sababu Pico ingeweza kuhesabu mawimbi yote hayo yenyewe, na hapo kikokotoo kingekuwa kitufe tu.

Kutuma: amri mbili za kuzungusha namba, mapigo 8, na moja ya kuitoa, mapigo 11. Jumla 19 kwa kila jozi ya biti. Jozi nane ni mapigo 152. Ukitoa na alama ya kuanza, nabakiwa na mapigo kama 158 ya kuhesabu sampuli inayofuata. Inatosha!

Jumamosi, 15 Februari

Bodi ya sauti ilitoa mvumo mkubwa siku tatu, hata bila kupewa kitu. Nimebadilisha kila waya. Mwishowe nikagundua pini iliyoandikwa SCK inatakiwa kuunganishwa na ardhi, ndipo chipu ijitengenezee saa yake ya ndani. Ikiachwa wazi inahangaika. Tone moja la risasi, kimya kikatanda.

Umeme ulikatika mchana, nikahamia kwenye pawabenki. Nayo inajizima, kwa sababu Pico inakula kidogo mno hadi pawabenki inadhani hakuna kitu kimechomekwa. Nimeweka betri tatu za AA, volti 4.5. Sauti imekuwa safi zaidi kuliko ilivyokuwa kwenye chaja ya ukutani, na kifaa sasa kinabebeka hadi darasani.

Jumamosi, 22 Februari

Wiki ngumu kuliko zote. Namba zilikuwa zinafika zimevurugika, na kila nilipopunguza mwendo zinafika sawa. Kwenye mwendo kamili ni mchanga mtupu.

Sina osiloskopu, chombo cha kuonyesha umbo la volti. Nikaifanya Pico yenyewe iwe jicho: isome waya mara nyingi kwa kila mikrosekunde na kunichapia sifuri na moja. Kisha nikaamuru kikokotoo kivute na kuachia, kivute na kuachia, nikaangalia mistari ile kwenye kompyuta. Kushuka kulikuwa papo hapo, moja ikageuka sifuri bila kusita. Kupanda kulichelewa. Sifuri ziliendelea kujipanga, zikapita mikrosekunde moja, zikaikaribia mbili, ndipo moja ya kwanza ikatokea. Nami kila jozi ya biti ninaipa mikrosekunde 1.27 tu. Waya ulikuwa haujafika juu, mimi nishauvuta tena.

Sababu ipo kwenye namna waya unavyopanda. Kikokotoo hakiusukumi juu, kinauachia tu, na rezista ndiyo inayoupandisha. Kwenye kibadili volti changu rezista hizo ni kilo-omu 10. Waya mrefu wa spika za masikioni nao ni kama kapasita, pikofaradi 100 au zaidi kwa mita. Ni kama kujaza ndoo kwa bomba linalodondosha. Zidisha 10,000 kwa pikofaradi 200, unapata mikrosekunde mbili, zilezile nilizoziona.

Dawa ni mbili na nimetumia zote. Nimekata waya ukabaki sentimita 20. Nimeongeza rezista za kilo-omu 2.2 upande wa kikokotoo na upande wa Pico. Sasa kupanda kunachukua sehemu ndogo ya mikrosekunde. Na nimebadilisha kanuni ya kuanza: kila sampuli inatanguliwa na nyaya zote mbili kuvutwa chini, na Pico inahesabu muda kuanzia hapo. Kushuka ndiko kunakoaminika, basi saa ianzie kwenye kushuka.

Namba 100,000 zimetumwa, zimefika zote.

Jambo moja limenishangaza. Kwenye mlango huu, ukiandika 1 waya unavutwa chini, yaani kila biti inafika imepinduliwa. Nilikaa kuandika msimbo wa kuipindua upya, halafu nikajiuliza kupindua biti zote kunafanya nini. Kunageuza wimbi juu chini tu, na sikio halijui tofauti. Nikaufuta msimbo.

Jumamosi, 1 Machi

Sauti ni safi, ila si ya kweli. Naandika 350, inatoka 344. Saa ya kikokotoo changu haikai sawa na megahezi 15, na betri zikichoka inasogea tena. Nimefika mbali kote huku kwa ajili ya hezi sita, na hizo sita ndizo zinazoliwa na saa.

Nimegeuza mamlaka. Pico ina kioo cha kwatsi cha megahezi 12, saa ya kuaminika. Kwa hiyo Pico ndiyo itakayotoa sampuli 44,100 kwa sekunde, na kikokotoo kinajaza ghala dogo mbele yake. Ghala likijaa, Pico inavuta waya mmoja chini, maana yake subiri. Kikokotoo kinauangalia waya kati ya sampuli na sampuli. Hapa ule unyonge wa nyaya umegeuka kuwa neema: kwa kuwa hakuna anayesukuma juu, pande zote mbili zinaweza kuvuta waya mmoja na hakuna kinachoungua. Nimelazimika kubana msimbo wa kuhesabu ili kikokotoo kiwe na kasi kuliko mahitaji hata betri zikiwa dhaifu.

350 sasa ni 350.

Jumamosi, 8 Machi

Kuhesabu wimbi. Nina jedwali la pointi 256 za mzunguko mmoja, na kielekezi kinachoruka ndani yake kwa hatua fulani kila sampuli. Kielekezi cha biti 16 kinanipa hatua za hezi 0.67. Kwa sauti ya chini hilo sikio la mpigaji litalishika. Cha biti 24 kinashuka hadi chini ya sehemu moja ya mia ya hezi, kwa gharama ya mapigo machache. Nimechukua cha 24.

Kufifia ndiko kulikonikwamisha, kwa sababu Z80 haina amri ya kuzidisha. Nimetengeneza majedwali 32 ya wimbi lilelile, kila moja dogo kidogo kuliko lililotangulia. Yanakula kilobaiti 16 kati ya 24 za kumbukumbu ya mtumiaji. Sauti inapofifia, programu inahama kutoka jedwali hadi jedwali, na inahama pale tu wimbi linapovuka sifuri. Nilipojaribu kuhama popote, kila hamisho lilisikika kama kidole kinachogonga meza.

Nimeusikiliza mkia. Unashuka, unashuka, unakuwa pumzi, unaisha. Nimeurudia mara kumi na nimemwita mke wangu. Amesema, "Hiyo sasa ni ilimba iliyo mbali."

Jumatano, 12 Machi

Darasani, dakika za mwisho za kipindi. Mwanafunzi anaandika grafu yake kwenye Y1, programu inahesabu pointi 256 na kuonyesha asilimia kwenye kioo (inachosha, inabidi nizungumze huku wakisubiri), kisha inalia. Binti mmoja wa dawati la mbele aliandika sin(X)+sin(7X), akasikiliza, akaongeza nusu mbele ya ya pili, akasikiliza tena. Hakuniuliza chochote. Alikuwa anatafuta kitu kwa sikio na kukirekebisha kwa namba. Kengele iligongwa yeye akiwa bado ameinama.

Jumamosi, 22 Machi

Chamwino. Nimemkuta babu chini ya mbuyu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hicho ndicho kinachoimba?"

Nimeomba apige ufito wake wa chini, nami nikasogeza namba juu na chini. Sauti mbili zikikaribiana zinayumba pamoja, na kadiri zinavyokaribiana kuyumba kunapungua mwendo, mpaka kunatulia. Kwenye 187.4 kukatulia. Hiyo nikaiita 4. Basi 7 yake kwa hesabu ni 328, na ya kinanda ingekuwa karibu 334.

Bila kumwambia nikapiga 334. Akatikisa kichwa kabla haijaisha. "Imepanda hiyo." Nikapiga 328. Hakusema kitu. Akaweka dole gumba kwenye ufito wake akapiga pamoja nayo, na zile sauti mbili zikayumba taratibu sana, kama mara moja kwa sekunde mbili. Nikashusha hadi 327.5, zikawa moja. Nimeandika 327.5 kwenye daftari. Ilimba ndiyo kipimo.

Akanirudishia kifaa. "Sauti ni yenyewe. Ila kavu, haina buibui." Akaigeuza ilimba na kunionyesha kitundu cha kwenye kisanduku, kimezibwa kwa utando wa buibui, mweupe, mwembamba kama karatasi ya sigara. Akaupuliza kidogo, ukanguruma.

Jumapili, 30 Machi

Buibui. Utando unanguruma sauti ikiwa kubwa, ikipungua unanyamaza. Nilidhani itanigharimu mapigo ambayo sina. Kumbe yale majedwali 32 yanatosha: nimeweka ngurumo ndani ya majedwali makubwa yenyewe, kwa kukunja vilele vya wimbi vinapovuka kiwango fulani. La 1 hadi la 9 yananguruma, la 10 na la 11 yanagusa tu, kuanzia la 12 wimbi ni safi. Gharama ya ziada kwa kila sampuli ni mapigo sifuri.

Nimemrekodia babu kwa simu. Amejibu jioni kupitia shangazi: buibui ni mkubwa mno, nimpunguze. Nimeondoa ngurumo kwenye la 10 na la 11, nimetuma tena. Bado kazi ya vidole gumba viwili, maana babu hapigi ufito mmoja mmoja. Sauti mbili hazienei kwenye mapigo 158. Nitashusha sampuli ziwe 22,050 kwa sekunde, nipate mapigo 680 kwa kila sampuli badala ya 340, nijaribu Jumamosi.